Mlango ukikwama, usimwite seremala peke yake

Mlango wa chumba cha watoto ulianza kukwama mwezi wa Septemba, mvua ziliporudi. Nikamwita seremala. Akaupiga randa ubavuni, akaniambia, "Papa, mbao inakunywa maji. Ni msimu." Oktoba ukakwama tena, akarudi na randa yake, nikamlipa tena. Novemba hakutoa hata chombo mfukoni. Alichuchumaa, akafumba jicho moja, akaitazama fremu kutoka chini hadi juu. Kisha akasema, "Papa, mlango hauna kosa. Nyumba ndiyo inatembea." Alimaanisha kwamba mlima wenyewe umeanza kuporomoka, na nyumba iko juu yake.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye mteremko ambao mgeni akiuona mara ya kwanza anauliza watu wanapandaje na bidoni za maji kichwani. Sebuleni kulikuwa na ufa wa zamani. Sisi tulisema ni wa tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Bukavu kila ufa ni wa 2008, hata kwenye nyumba iliyojengwa juzi. Mimi mwenyewe niliuziba kwa simenti mara mbili, na kila Noeli nikapaka rangi juu yake ili wageni wasiuone.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: usizibe ufa kabla ya kuupima. Chora alama ya penseli kila upande, pima umbali kati ya hizo alama kwa rula, uandike tarehe palepale ukutani. Rudia kila Jumapili ukitoka kanisani. Wa kwetu uliongezeka milimita 4 kwa wiki tatu, halafu wiki moja ya mvua kali ukaongezeka 11. Mama watoto alisoma zile namba ukutani, akaanza kufunga nguo kwenye mabegi bila kuniuliza.

Tatizo la milima yetu ni udongo. Ni ule mzito unaotokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa miaka mingi. Ukilowa unakuwa kama sabuni. Pale Funu, hapa hapa Bukavu, kuna kipande kizima cha mlima kinachotelemka polepole, na watu wanaishi juu yake. Watafiti walilinganisha picha za angani na za setilaiti za miaka kama 70, wakaona kwamba kuongezeka kwa nyumba kumebadilisha mwendo wake. Maana yake sisi wenyewe tumo ndani ya habari hii, pamoja na maji yetu ya kuoga, mashimo ya vyoo na mabomba yanayovuja.

Mabati nayo usiyasahau. Paa langu lilikuwa mita 6 kwa 8. Mvua moja ya milimita 50 inashusha juu yake lita 2,400, yaani bidoni 120 za lita 20. Zote zilikuwa zinamwagika nyuma ya ukuta wa jiko, mahali pamoja, na mimi nikiona nimefanya kazi nzuri kwa sababu uwanja wa mbele ulikuwa mkavu. Weka mfereji wa bati, upeleke maji hadi kwenye rigoli, yaani mtaro, ya simenti, na kabla hujafanya hivyo zungumza na jirani wa chini. Usimtumie maji yako kama zawadi. Ukingoni panda nyasi za vetiva, mizizi yake inashuka hata mita 3. Migomba ina mizizi ya juujuu tu, haishikilii kitu.

Mdogo wangu anaishi Grenoble, Ufaransa, chini ya milima ya Alps. Nilipomweleza mambo ya mlango alicheka, kisha akanisimulia ya kwao, maporomoko ya theluji. Theluji mpya ikilala juu ya tabaka dhaifu, hasa kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja tu unatosha kuifyatua yote. Msimu wa baridi kila siku hutolewa taarifa yenye ngazi za hatari 1 hadi 5, na watu huisoma kabla ya kupanda. Aliyefunikwa hutafutwa na wenzake palepale, kwa sababu dakika 15 zikipita matumaini yanapungua sana. Sisi taarifa ya namna hiyo hatuipati kila asubuhi. Tuna mlango, tuna ufa, tuna nguzo ya umeme iliyoanza kuinama, tuna chemchemi inayotokea ghafla mahali pakavu.

Na tuna mto. Mvua inanyesha na mto unapungua? Usishangae ukiwa umesimama palepale. Huenda kuna kitu kimeuziba juu, na kitakapoachia hakitakupa nafasi. Kimbia kando, kisha panda juu, usikimbie kufuata bonde. Tarehe 4 Mei 2023 huko Kalehe, Kivu Kusini, maji na matope yalipita vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi.

Sisi kwetu Kadutu tuliondoka kabla udongo haujashuka. Siku ya Jumanne, mvua ikiwa imenyesha tangu saa kumi jioni, tulilala kwa mama mkwe mtaa wa Ibanda, watu sita chumba kimoja, na yeye akinung'unika kwamba nimewatesa wajukuu kwa sababu ya penseli. Saa nane usiku jirani alipiga simu. Jiko na choo vilikuwa vimeshuka, na udongo umeingia chumba cha watoto hadi usawa wa godoro. Kichwa cha kitanda kilikuwa upande wa mlima. Hilo nalo sikulijua: ukikaa kwenye mteremko, lala upande wa bonde, kwa maana ukuta wa mlimani ndio unaopigwa kwanza. Na usirudi usiku kutafuta kadi ya mchaguzi au televisheni. Udongo uliobaki juu bado haujaamua. Karatasi zako ziwe ndani ya mfuko wa plastiki karibu na mlango tangu Septemba.

Ule mlango tuliuokoa. Uko kwenye nyumba tunayopanga sasa, kwenye sehemu tambarare. Kwa kuwa ulipigwa randa mara mbili, kuna nafasi ya vidole viwili pembeni, na watoto wanapitishia barua zao humo wakigombana.