Nanyonga gia nzito, mbona wazee wa Phoenix wananipita?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miezi miwili tangu ninunue baiskeli ya mtumba yenye gia. Nakaa Kange, hapa Tanga, kazini ni karibu na bandari. Naweka gia nzito kabisa nikimbie, lakini wazee wenye baiskeli za Phoenix, tena na mzigo kwenye keria, wananipita. Magoti yanauma, na bajaji ikinikaribia nayumba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo gia nzito ndiyo inayokuchelewesha. Kesho hesabu mguu wa kulia unashuka mara ngapi kwa sekunde 15. Ukipata chini ya 15, punguza gia. Lenga 20 hadi 22. Siku za mwanzo utahisi unanyonga hewa. Vumilia, miguu itazoea. Gia nzito inachosha misuli mapema na kulibebesha goti mzigo wote. Mzee wa Phoenix ana gia moja tu, na miaka imempa mdundo wa kunyonga ambao hauvunji toka anapotoka nyumbani hadi anapofika.

Magoti hayo yananifanya niulize siti. Nyingi ninazoletewa ziko chini mno. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukianza kunyonga, tumia sehemu ya mbele ya unyayo, na goti litabaki limekunjika kidogo. Tairi nazo zijaze kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake.

Baada ya hapo adui ni upepo. Ukitoka kilomita 15 kwa saa kwenda 30, nguvu ya kuukata huongezeka mara 8. Kwa hiyo kunja viwiko, inamisha kifua. Kusi likivuma nawe unaelekea njia ya Pangani, shusha gia, tunza mdundo, usishindane nalo.

Mazoezi ya kasi fanyia Raskazone Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu: dakika moja haraka, mbili polepole, mara sita. Mara moja kwa wiki inakutosha kwa sasa.

Lakini kuyumba ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, na huko ndiko mwendo wako mwingi unakopotea. Ngamiani ni njia panda juu ya njia panda. Anayeshtuka kila mara hufunga breki, kisha huanza upya kutoka sifuri. Hapo hapo Raskazone, fuata mstari wa barabara huku ukigeuza shingo kutazama nyuma kulia. Usukani utafuata bega. Legeza mikono mpaka usukani uache kufuata. Barabarani tazama mbali, pale unapotaka kupita, wala si lile shimo unaloliogopa. Acha mita moja kati yako na magari yaliyoegeshwa, mlango hufunguka ghafla. Daladala iliyosimama kituoni usiipite kushoto, abiria wanashukia huko. Kukata kulia, tazama nyuma, nyoosha mkono, ndipo usogee katikati. Magari yakiwa mengi, shuka uvuke kwa miguu. Hata mimi hushuka.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Ibane taratibu pamoja na ya nyuma, huku ukisogeza makalio nyuma. Masika ringi zikilowa, anza kubana mapema, kidogo kidogo, mpira ufute maji kwanza ndipo ushike.