Kurudiwa si Kulipiziwa

Nilikuwa mwalimu wa kwaya Njombe nilipopata kifua kikuu. Kilianza kama kikohozi cha baridi, na kwa kuwa mwezi wa Juni kule kila mtu anakohoa, nikakipuuza. Wiki ya tatu nikawa natoka jasho usiku hadi shuka linalowa, na suruali zinanilegea kiunoni. Zahanati walichukua makohozi, majibu yakatoka, nikaanzishiwa dawa za miezi 6. Sauti yangu ilikuwa imeshakauka. Mimi niliyekuwa naongoza sauti ya tatu, sasa kusema "Bwana asifiwe" kulinikata pumzi.

Watu wa jumuiya walikuja kuniona. Mzee mmoja, ambaye hadi leo najua alinitakia mema, alifungua Waebrania 12 akanisomea: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi," yaani humkanya. Kisha akafunga Biblia, akasema, "Mwalimu, jichunguze."

Nikajichunguza. Siku nzima nimelala naorodhesha dhambi, kuanzia sukari niliyoiba nikiwa darasa la tatu. Kila niliyoikumbuka niliitubia, na kikohozi kikaendelea. Basi nikaamini kuna nyingine nimeificha, na Mungu hataniachia mpaka niitapike. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu wa pili, na ule haukuwa na vidonge. Kama uko hapo sasa hivi, nakuandikia wewe hasa.

Kilichonitoa ni kusoma sura ile pamoja na zilizoitangulia. Walioandikiwa barua ile hawakuwa watu waliokamatwa kwenye uovu. Sura ya 10 inasema walinyang'anywa mali zao wakalikubali hilo kwa furaha, kwa sababu ya imani. Wameteseka kwa kumshika Kristo, na wao ndio wanaoambiwa wasiyadharau marudia ya Bwana! Kama kurudiwa kungekuwa ni kulipishwa makosa, hao wangekuwa wa mwisho kuambiwa neno hilo. Neno la Kigiriki lililotumika pale, paideia, ni neno la kulea mtoto: kumfundisha, kumzoeza, kumkanya. Na adhabu yenyewe, ile ya hukumu, Isaya 53 imeshasema ilimwangukia nani: "Adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake." Mungu halipwi deni moja mara mbili. Kwa aliye ndani ya Kristo, kilichobaki ni malezi.

Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi anayemrudi mwanawe hakai mbali akimhesabia, yuko karibu kiasi cha kusikia kilio. Najua wako ambao neno "baba" linawakumbusha fimbo za hasira. Waebrania haiwafichi: mstari wa 10 unasema baba zetu wa mwilini walituadhibu kama walivyoona vema wenyewe, bali yeye kwa faida yetu. Msimpime Mungu kwa baba aliyewaumiza.

Nilipoacha kuuliza "nimekosa nini?" nikaanza kuuliza "Baba, unanilea wapi hapa?" Jibu lilikuja polepole, na lilikuwa dogo, la wazi. Miezi michache kabla ya kuugua nilimwondoa mama mmoja kwenye sauti ya pili kwa sababu alikuwa akipotea noti, na mashindano yalikuwa yanakaribia. Alikuwa ameimba kwaya ile kabla mimi sijazaliwa. Sisemi niliugua kwa sababu yake. Niliambukizwa kwa njia ya hewa, na chumba chetu cha mazoezi tulikuwa tukikifunga madirisha yote kwa baridi. Ila nilipolala bila sauti, nikajua kwa mara ya kwanza jinsi inavyokuwa kukaa nje ya wimbo uliozoea kuwa ndani yake. Nilimtuma mtoto amwite. Akaja na chupa ya uji wa ulezi, nikamwomba msamaha kwa sauti ya kunong'ona, naye akalia, nami nikalia. Roho akikuonyesha jambo, huwa ni jambo lenye jina. Ule mzigo usio na jina, unaokuambia tu kwamba wewe ni mbaya, usiupokee kama sauti ya Bwana.

Na meza dawa. Nilimeza zangu zote, hata pale mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa nikaogopa, mpaka muuguzi akanieleza kuwa ni dawa tu. Kuacha matibabu ili "kumwachia Mungu" si unyenyekevu.

Liko jambo jingine ambalo siwezi kulipita. Mama anayepigwa na mumewe asiambiwe na mtu yeyote, awe mzee wa kanisa au mchungaji, kwamba huo ni mkono wa Bwana unaomrudi. Huo ni mkono wa mumewe. Atafutiwe mahali salama kwanza. Neno la kurudiwa ni la mtu kulisema juu ya maisha yake mwenyewe, mbele za Mungu wake, na mara nyingi baadaye. Mtunga Zaburi alisema "Ilikuwa vema kwangu kuteswa." Alisema kwangu.

Waebrania yenyewe inakiri kwamba kila adhabu, hata hii ya malezi, wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha, bali cha huzuni. Basi huzunika, usilazimishe tabasamu mbele ya wageni. Rafiki zake Ayubu walimfaa siku zile 7 walizokaa naye chini bila neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Noti za juu hazikunirudia. Siku hizi nafundisha solfa, zile do-re-mi, ubaoni, na yule mama ndiye anayewaonyesha wasichana sauti ya pili. Mwezi uliopita mwimbaji wetu wa besi aliugua, tukaenda kumwona. Nilifungua dirisha, nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, Biblia ikiwa mfukoni. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniomba nimshike mkono, nikamshika.