Maswali yenu: dakika tano ndani ya kalibu

Mmeuliza mengi kuhusu vitu vya themoelektriki, yaani vile vinavyogeuza tofauti ya joto kuwa umeme, na hasa namna ya kuvisinta kwa haraka. Nimechukua matano.

Kusinta ni nini? Kwa nini msiyeyushe tu mkamimina?

Kusinta ni kuupasha unga joto, mara nyingi huku umegandamizwa, lakini bila kuuyeyusha, mpaka punje zishikane. Kuyeyusha nako kupo, na bismuthi teluridi, kimojawapo cha vitu hivi vya themoelektriki, imetengenezwa hivyo kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba fuwele zake hubanduka tabaka kwa tabaka kama ulanga. Kipande kilichosintiwa unaweza kukikata vijiti vyembamba visimeguke ovyo.

Haraka ya nini, na tanuri ipo?

Swali zuri kuliko yote. Tunachotaka ni kitu kinachopitisha umeme vizuri lakini joto kwa shida. Sehemu kubwa ya joto husafirishwa na mitetemo ya fuwele, na mipaka kati ya punje huitawanya mitetemo hiyo kuliko inavyozuia umeme. Ndiyo maana unga husagwa hadi vipimo vya nanomita. Mwaka 2008 watafiti wa Boston College na MIT waliusaga hivyo mchanganyiko wa bismuthi, antimoni na teluri, wakaugandamiza kwa joto, wakafikia ZT (kipimo cha ubora wa vitu hivi) ya 1.4, ilhali ya kawaida ilizunguka 1. Sasa uache unga huo tanurini kwa muda wa saa kumi: punje kubwa zitazimeza ndogo, na kusaga kote kumekwenda bure. Teluri nayo itapaa kama mvuke, na ikipungua, tabia ya umeme ya kipande hubadilika.

Mashine ya SPS (spark plasma sintering, yaani kusinta kwa cheche na plazma) hufanyaje kazi? Plazma, ile gesi yenye chembe zenye chaji ya umeme, ipo kweli?

Unga huwekwa katika kalibu ya grafiti, pistoni mbili zikaubana juu na chini, mara nyingi kwa megapaskali 50 hivi. Kisha umeme hupitishwa kwa mapigo: volti chache, ampea mamia hadi maelfu. Kalibu yenyewe ndiyo inayopata moto, hata digrii 100 kwa dakika. Bismuthi teluridi hutosheka na nyuzi 400 hivi na dakika tano. Mimi jicho langu huwa kwenye kipimo cha mwendo wa pistoni: hushuka polepole, ghafla hukimbia, kisha husimama. Ikisimama, unga umeshikana. Kuendelea kupasha ni kukuza punje tu. Ama plazma, imo kwenye jina. Ushahidi thabiti kwamba hutokea haujapatikana, na joto la ukinzani wa umeme linatosha kueleza kinachoonekana.

Nimepata ZT kubwa ajabu. Nifurahi?

Bado. Kwanza niambie ulipima upande gani. Ukibana unga wa bismuthi teluridi, matabaka huelekea kulala kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Umeme na joto vyote hupita kwa urahisi zaidi sambamba na kurasa. Wengi hupima joto kwenye kisahani chembamba, likipita kwa kukatiza kurasa, halafu umeme kwenye kijiti kilichokatwa sambamba nazo. Wanachukua upande mzuri wa kila kimoja! Nami niliwahi kusherehekea namba ya namna hiyo kwa siku mbili. Sinta silinda ndefu, ukate kisahani na kijiti ili vyote vipimwe upande mmoja.

Kipande changu hutoka na ufa kila mara. Nifanyeje?

Huenda unakipoza kikiwa kimebanwa. Grafiti na kipande havisinyai sawa. Muda wa joto ukiisha, legeza pistoni kwanza, kisha punguza umeme kidogo kidogo badala ya kuukata. Na usisahau karatasi ya grafiti kati ya unga na kalibu, la sivyo utakitoa kwa nyundo.