Mwili wako unadai chakula, sio kwamba huna msimamo

Dada angu, umesema ukijiangalia kwenye kioo unaona unene tu, unajinyima kula kutwa nzima, usiku unakula mpaka tumbo linauma halafu unalia. Pole sana aisee. Ila hapo uliposema huna msimamo nakataa kabisa, mwili ulioshindishwa njaa lazima udai chakula chake. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 walipunguziwa chakula karibu miezi sita kwa ajili ya utafiti, na walichaguliwa wakiwa wazima kichwani na mwilini, lakini wakawa wanawaza msosi tu, wengi wakapata huzuni na hasira, na walipoachiwa kula wengine wakawa hawashibi. Sasa wewe ongezea na kujichukia. Mi nilikuwa nashika nyama ya tumbo kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki, siku inaharibika hapo hapo. Kesho kula asubuhi, hata kama usiku ulizidisha, usijilipize. Na kama unajitapisha au unapata kizunguzungu usisubiri, nenda kwa daktari na umwambie mpaka hayo ya kulia, ukitaja chakula tu atatibu nusu.