Jibu: Mzee wa kukimbizana na saksafoni ni nani?

Mkuu, huyo mzee mnene wa kwenye klipu za watu kukimbizana mbio mbio ni Benny Hill, mchekeshaji Mwingereza. Jina la kuzaliwa ni Alfred Hill, wa Southampton, 1924. Hilo la Benny alijipa kwa heshima ya mchekeshaji wa Marekani, Jack Benny. Ujanani aliwahi kusambaza maziwa kwa mkokoteni wa farasi, na kazi hiyo haikupotea bure: Krismasi ya 1971 wimbo wake wa kuchekesha kuhusu muuza maziwa ulishika namba moja Uingereza!

Kipindi chake cha TV kilianza BBC 1955, kikahamia kituo kingine cha Uingereza, Thames Television, 1969. Aliandika mwenyewe sehemu kubwa ya vichekesho, na vile visivyo na maneno ndivyo vilivyomvusha mipaka, maana hata asiyejua Kiingereza anacheka. Ila wale mabinti waliovaa nusu uchi kwenye kipindi walimletea lawama, na kusema kweli vingine huwezi kuangalia na watoto sebuleni. Thames wakaachana naye 1989. Hakuoa, akafariki Aprili 1992.

Na ule muziki wa saksafoni wa kwenye klipu si wake, ni "Yakety Sax" wa Boots Randolph, Mmarekani.