Umanjano wa macho na jicho lenye nyongo: neno moja, kazi mbili

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mfasiri. Wiki hii nina kazi mbili kutoka Kiingereza: kipeperushi cha kliniki ya watoto na makala ya siasa. Zote mbili zina neno "jaundice". Kwenye kipeperushi niliandika "homa ya manjano", mhariri akalikata. Kwenye makala kuna mwanasiasa anayeitazama serikali kwa jicho lenye "jaundice", na hapo nimekwama kabisa. Je, ni neno moja au mawili?

Jibu: Marahaba. Ni neno moja, na mhariri wako alifanya vyema. Homa ya manjano ni ugonjwa mahususi wa virusi unaoenezwa na mbu, ule unaodaiwa kadi ya chanjo mipakani. Jaundice ni dalili tu: ngozi na weupe wa macho kugeuka manjano. Baadhi ya wenye homa hiyo huipata dalili hii, ndipo jina lilipotoka, lakini wengi wenye macho ya manjano hawana homa hiyo hata kidogo. Niliwahi kumpokea mama mwenye kichanga cha siku tatu, amelia mpaka uso umevimba, kisa jirani kamwambia mtoto ana homa ya manjano na atatengwa. Mtoto alikuwa na manjano ya kawaida ya wachanga. Andika "umanjano"; wodini akina mama husema tu "mtoto ana manjano", na kila mtu anaelewa.

Rangi yenyewe hutokana na damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na katika mabaki yake hutoka kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Ini hukipokea, hukibadili kiweze kuyeyuka majini na kukitia kwenye nyongo, nayo nyongo humwagika utumboni. Choo kuwa cha kahawia ni kazi ya kitu hichohicho. Njia ikikwama popote, manjano hubaki damuni. Chembe zikivunjika nyingi kwa mkupuo, kama kwenye malaria kali au selimundu, ini huzidiwa. Homa ya ini au pombe ya miaka mingi hulidhoofisha ini lenyewe. Na kijiwe au uvimbe wa kongosho ukiziba mrija, nyongo hukosa pa kupita: mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kinapauka kama udongo wa mfinyanzi, ngozi inawasha. Ndiyo maana tunauliza rangi ya choo hata kabla ya kukugusa, mkatuona hatuna haya.

Kuhusu wachanga, karibu 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati hupata manjano wiki ya kwanza, na kwa wengi huisha yenyewe. Ila kipeperushi kisiache hili: yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, ni hospitali saa hiyohiyo. Bilirubini ikizidi sana hupenya hadi kwenye ubongo, na anayenusurika anaweza kubaki na ulemavu au uziwi. Kwa watoto wetu weusi, mzazi atazame weupe wa macho na fizi kwenye mwanga wa mchana. Taa ya balbu hudanganya. Tiba kuu ni mwanga wa buluu. Ilianzia hospitali ya Rochford, Uingereza, miaka ya 1950, pale muuguzi Jean Ward alipoona kuwa ngozi ya kichanga iliyopigwa na jua imepungua umanjano. Hata hivyo usiandike "mwanikeni mtoto juani". Jua halina kipimo, na linaunguza.

Sasa jicho la mwanasiasa wako. Watu wa Ulaya waliamini tangu zamani kwamba mwenye macho ya manjano huona kila kitu kimanjano. Mshairi wa Kirumi Lucretius alilisema hilo karne ya kwanza kabla ya Kristo, na mwaka 1711 Mwingereza Alexander Pope akalirudia akiwasuta wahakiki wenye kinyongo. Kitabibu si kweli: wagonjwa wangu huiona shuka nyeupe kuwa nyeupe. Wanaoweza kuona umanjano ni waliozidishiwa digoksini, dawa ya moyo. Tena tabibu wa kale alidai nyongo ya manjano ikizidi mtu huwa mkali. Jina la Kiarabu la nyongo hiyo ndilo lililotupa "safura", ila sisi tumelipeleka kwenye minyoo, kwa hiyo usilitumie hapa.

Ukiandika "jicho la manjano", msomaji atamhurumia mwanasiasa akidhani ini lake ni bovu. Kiswahili kina nyongo yake: jambo likiharibika limetumbukia nyongo, na anayehifadhi uchungu wa jana ana kinyongo. Husuda ndiyo tuliyoiweka machoni, tukaiita kijicho. Kwa hiyo rudi kwenye makala uangalie kinachomsumbua. Kama anatamani vyeo vya wenzake, ni kijicho. Kama aliumizwa, tuseme alinyimwa uwaziri, na tangu hapo haoni jema, mimi ningeandika: "anaitazama serikali kwa kinyongo". Jicho lenyewe unaweza kuliacha.