Miezi 14 bila unga, mbona bado nimekauka ndani?

SWALI: Nina miaka 31, nakaa Tanga. Nilivuta unga, yaani heroini, miaka 11. Nilikaa soba hausi, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, miezi minne na sasa nina miezi 14 sijagusa kitu. Watu wananipongeza, lakini ndani nimekauka. Nalala vibaya, nakasirika kwa jambo dogo, na mama bado anafunga kabati lake kwa ufunguo nikiwa nyumbani. Je, ubongo wangu umeharibika?

JIBU: Ndugu yangu, hongera. Miezi 14 si mchezo, usikubali mtu akuambie vingine.

Ubongo wako unapona, ila taratibu. Heroini hukaa palepale ambapo ubongo hupokea kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu na kuleta raha. Ukiipata kila siku kwa miaka, ubongo hupunguza usikivu wake. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ya kuharisha na mifupa kuuma huisha kwa wiki moja au mbili. Usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu na kukosa hamu ya mambo vinaweza kuendelea miezi mingi, hata kupita mwaka.

Lakini sidhani kama ni ubongo peke yake. Unga ulikuwa na kazi kwako. Ukigombezwa, unavuta. Ukifiwa, unavuta. Ukiona aibu, unavuta. Wenzako wa miaka 20 walikuwa wanajifunza kukataliwa, kudaiwa na kuomba radhi, wewe ukiwa maskani. Unga umeondoka, kazi zake zimebaki, na hujafundishwa kuzifanya. Ndiyo maana nakwambia kuacha kulikuwa kufungua mlango tu. (Wanaokunywa methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, nao wanakutana na swali hilihili.)

Bill Wilson, mmoja wa waasisi wa AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935, aliandika mwaka 1958, akiwa na zaidi ya miaka 20 bila pombe, kwamba sonona ilikuwa imemwandama. Alipojichunguza akaona chanzo: alitegemea mno watu wampe heshima na usalama wa moyo, na wasipompa anaporomoka. Nikisoma swali lako, naona kabati la mama limeshika nafasi hiyo.

Kuna kijana niliyekaa naye katika ushauri ambaye mama yake alikuwa akilala na pochi chini ya mto. Kijana hakumlaumu mama. Akitumwa sukari, akirudi anaweka chenji mezani na kuihesabu kwa sauti, mia mbili, mia tano, bila kuulizwa. Aliendelea hivyo miezi. Siku moja mama akampa ada ya mdogo wake apeleke benki. Aliponisimulia alilia, na mimi nilishindwa kujizuia.

Hatua ya nane na ya tisa kati ya hatua 12 za NA, chama cha wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya, zinahusu hilo: kuwaorodhesha uliowaumiza, kisha kurekebisha. Zifanye na mdhamini wako, yaani mwenzako aliyetangulia kuacha anayekuongoza, usizifanye peke yako. Na usianze na maneno, maana "nisamehe mama" ameshaisikia mara ngapi? Anza na chenji. Hasira ikipanda, jiulize kwanza kama una njaa, uchovu au upweke. Mara nyingi utakuta kimojawapo. Tafuta pia kazi au ufundi unaokutaka ufike saa ileile kila siku, hata kama malipo ni madogo.

Mambo mawili usiyachelewe. Ukikata tamaa mchana kutwa kwa wiki mbili, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali umwone daktari wa afya ya akili. Sonona ni ugonjwa wenye tiba yake na kutibiwa hakufuti miezi yako 14. La pili, mwili wako umeshasahau unga. Kipimo ulichokuwa ukivuta zamani ukasimama, leo kinaweza kukuzimisha pumzi. Hamu ikikubana, mpigie mdhamini wako kabla hujatoka nyumbani, hata iwe saa nane ya usiku.